Koili za bati kwenye treni: haya mabehewa yenye kifuniko yanafanyaje kazi, na kwa laini yetu ya Tanga inawezekana?

BatiPongwe

Wakuu salaam, poleni na majukumu. Niko Tanga, nina karakana ya kukunja mabati huku njia ya Pongwe, sio kiwanda kikubwa, mashine mbili tu, na nanunua koili (yale maroli makubwa ya bati lililoviringishwa) za rangi na za silva za tani 5 mpaka 7 hivi. Wiki mbili zilizopita nimepokea koili mbili kwa semi treila kutoka Dar, ukiangalia kwa nje turubai limefungwa vizuri kabisa, dereva kanipa karatasi nikasaini, tukashusha kwa kreni ya kukodi mambo yakaisha. Siku ya tatu tunapandisha moja kwenye mashine, kijana wangu anakata ile mikanda ya chuma, mizunguko ya kwanza inafunguka imejaa unga mweupe kama unga wa muhogo, ukipitisha kidole unga unatoka ila chini yake bati limebaki na doa la kijivu ambalo halifutiki. Nikazunguka upande wa pili nikakuta kingo imeliwa na mnyororo.

Hiyo ya kingo naomba niieleze maana mtu asiyefanya hii kazi anaweza kuona ni mkwaruzo tu. Mnyororo umeingia sentimita moja hivi kutoka nje kwenda ndani. Bati langu ni la milimita 0.3, kwa hiyo sentimita moja ni mizunguko kama 33, na koili yenye kipenyo cha mita 1.2 kila mzunguko ni mita 3.7 na kitu. Yaani mita 120 na ushei za bati, kila baada ya mita 3.7 hivi kuna pengo pembeni, mteja hawezi kuchukua hilo labda umkatie vipande vya mabanda ya kuku. Nimepiga simu nilikonunua wanasema ilitoka nzima, msafirishaji anasema si ulisaini. Hilo nitahangaika nalo mwenyewe.

Nilichokuja kuuliza ni hiki. Nimeona video za treni za Ulaya, mabehewa mafupi mafupi yana kifuniko kinachoteleza kinajikunja upande mmoja, ndani koili zimekaa kwenye vitu kama trei ya mayai, hamna mnyororo hata mmoja. Haya ni mabehewa gani na siri yake ni nini? Na je kwa laini yetu ya Tanga kwenda Moshi na Arusha kitu kama hicho kinawezekana? Nina wateja Same na Moshi, na bandari yetu sasa hivi meli zinafunga gatini sio kama zamani mzigo unashushwa baharini kwenye matishari, kwa hiyo naona hesabu ya koili kushukia hapa hapa na kupanda treni sio ndoto. Au nikiomba behewa la kawaida lililofunikwa nikagongelea magogo chini inatosha? Naombeni wenye uzoefu, hata kama umefanya kazi zamani.

KarakanaYaReli

Kijana wangu pole kwa hasara. Mimi nimestaafu, nimekula chumvi nyingi kwenye karakana ya mabehewa, nitakujibu hilo la mwisho kwanza maana ndilo linaloua watu. HAPANA, behewa la kawaida na magogo ya kugongelea haitoshi.

Kwanza tuelewane maneno. Mtaani watu wanaita behewa zima bogi, lakini sisi karakana bogi ni kile kigari cha magurudumu manne kilichoko chini, behewa refu linakalia bogi mbili, moja huku moja kule, ekseli 4 jumla. Nikisema bogi elewa hicho.

Sasa koili. Ukiilaza na lile tundu la katikati likitazama pembeni, inagusa sakafu kwa mstari mmoja tu, mwembamba. Tani 7 zote kwenye mstari wenye upana wa vidole. Sakafu ya behewa lililofunikwa imetengenezwa kwa magunia ya katani, saruji, mbolea, mzigo unaotandazika, haikutengenezwa kubeba tani 7 kwenye mstari. Ubao unapasuka au unabonyea, ukibonyea magogo yanalegea, yakilegea koili imeshapata nafasi ya kutembea. Na ikishaanza kutembea hakuna mtu wa kuiambia simama.

Niliwahi kupokea behewa, sitasema la nani wala lilitoka wapi, lilibeba roli moja la chuma, sio kubwa sana. Walikata kabari za mbao wakapiga misumari ya nchi sita, kwa macho ukaona kazi nzuri. Njia nzima limekwenda salama. Lilipofika stesheni likawa linapangwa na mabehewa mengine, kichwa kikalisukuma likagonga wenzake, mgongano wa kawaida kabisa ule wa kila siku, misumari yote ikang'oka mara moja kama unang'oa magugu kwenye mchanga. Roli likaenda likapiga ukuta wa mbele wa behewa, bati la ukuta likatoka nje kama tumbo la mjamzito. Bahati yetu hakuna mtu aliyekuwa kati ya mabehewa anafunga kapla. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "tutagongelea magogo" naikumbuka ile sauti.

Watu wanaogopa kona na mteremko, lakini adui mkubwa wa mzigo kwenye reli ni ule mgongano wa kupanga mabehewa. Kwenye kanuni za upakiaji za Ulaya, behewa ambalo litaachiwa likagonge wenzake wakati wa kupangwa, mzigo unapigiwa hesabu ya nguvu ya mbele na nyuma mpaka mara 4 ya uzito wake. Treni ambayo inakwenda nzima bila kuvunjwa wanapiga mara 1. Sasa koili yako ya tani 7 mara 4 ni tani 28 zinasukuma kwenda mbele. Msumari gani utashika hiyo?

Na kitu cha pili ni mlango. Behewa lililofunikwa la kawaida mlango uko ubavuni, juu kuna paa. Kreni haiingii. Utahitaji foklifti yenye mkuki, iingize mkuki kwenye tundu la koili, ipitishe mlangoni, ndani igeuze iweke mwisho wa behewa, haigeuki hiyo. Utaishia kuweka koili moja hapo hapo mlangoni.

Msegeju_Ughaibuni

Ndugu yangu BatiPongwe habari za nyumbani, mimi mtoto wa Tanga niko Ujerumani mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi kwenye yadi ya chuma upande wa Duisburg, hayo mabehewa uliyoyaona kwenye video nayafungua na kuyafunga kila siku kwa mikono yangu kwa hiyo hapa umefika.

Jina lake limeandikwa ubavuni, utakuta Shimmns. Sio jina la kampuni, ni herufi za mfumo wa kimataifa wa reli, ukizijua unalisoma behewa kama unavyosoma lebo. S kubwa ni behewa bapa la aina maalum lenye bogi. h ni kwamba limetengenezewa koili za kulala, tundu likitazama pembeni (zikiwa h mbili ni koili za kusimama, tundu likitazama juu). i ni kifuniko kinachosogea pamoja na kuta za mbele na nyuma ambazo hazisogei. mm maana yake sehemu ya kupakilia ni fupi, chini ya mita 15. n ni uwezo wa kubeba zaidi ya tani 60, na s ya mwisho ni mwendo wa mpaka kilomita 100 kwa saa. Kwa hiyo neno moja limeshakwambia kila kitu.

Sasa kwa nini fupi? Hili swali hata mimi nilijiuliza siku za kwanza maana behewa lina mita 12 tu na kitu kutoka bafa mpaka bafa (vile vikinga mgongano vya mbele na nyuma), mengine yardini yako marefu karibu mara mbili. Sababu ni kwamba chuma kinamaliza uzito kabla hakijamaliza nafasi. Ekseli 4 za tani 22.5 ni tani 90, behewa tupu ni tani 22 hivi, unabaki na tani 67 au 68 za mzigo. Koili tatu kubwa za tani 20 na ushei umeshajaza, urefu wa ziada ungekuwa chuma cha bure unachokivuta kila siku. Mengine yana ekseli 6 kwa mizigo mizito zaidi.

Hiyo uliyoita trei ya mayai ndio moyo wenyewe. Ni mahori, yamejengwa ndani ya fremu ya behewa, mara nyingi 5, yamekaa kukatiza behewa kutoka ubavu mpaka ubavu. Hori lina miteremko miwili inatazamana kama paa lililogeuzwa, limevikwa mbao au mpira mgumu. Koili inakaa kwenye miteremko yote miwili, chini haigusi kitu, lazima ibaki hewani. Hapo ndipo penye ujanja maana uzito wake wenyewe ndio unaifunga, ikitaka kwenda mbele inabidi ipande mlima kwanza, na tani 20 kupanda mlima sio mchezo. Mzee hapo juu amesema tani 28 zinasukuma, hapa zinasukuma ukuta wa chuma uliochomelewa na fremu, sio msumari. Kwa upande wa ubavuni kuna mikono miwili ya chuma kila hori, unaisogeza mpaka iguse uso wa koili unaweka pini. Mnyororo wa nini sasa? Na ndio maana kingo zinafika nzima. Koili nyembamba ambayo kipenyo ni kikubwa kuliko upana kwa mbali hiyo ndio ya kuogopa, inaweza kulala ubavu, tunaifunga zaidi.

Kifuniko. Kuna aina mbili nilizozishika. Moja ni turubai zito limefungwa kwenye matao ya chuma, matao yanatembea kwenye reli ndogo pembeni mwa behewa, unafungua komeo upande mmoja unasukuma, linajikunja kama kodiani mpaka kule mwisho. Mtu mmoja anaweza ikiwa vitelezi vimepakwa grisi, ikiwa havijapakwa mnakuwa wawili mnatukana. Nyingine ni vifuniko vya chuma vya vipande vipande, kimoja kinapita juu ya mwenzake, unafungua theluthi mbili ya behewa kwa wakati mmoja. Zote lengo ni lile lile, juu kunakuwa wazi kabisa kreni inashuka na ndoano yake yenye umbo la C, inaingia kwenye tundu, inanyanyua, inaweka kwenye hori. Dakika chache koili moja. Marekani wao nimeona picha vifuniko vinanyanyuliwa na kreni vinawekwa chini, kazi ikiisha vinarudishwa.

Na sio kila koili inafunikwa huku. Zile nyeusi zinazotoka kwenye kinu cha moto zinakwenda behewa la wazi mvua inanyesha juu yake hakuna anayejali, maana zitasafishwa kwa asidi baadaye. Zinazofunikwa ni zilizokandamizwa kinuni zikiwa baridi, bila kuchomwa moto, na zenye zinki au rangi, yaani kama zako.

BatiPongwe

Shikamoo mzee KarakanaYaReli, na asante kaka Msegeju umenifungua macho, leo ndio nimejua kwa nini ni mafupi. Sasa mzee nisaidie hesabu ya kwetu. Laini yetu ni ya mita moja, haiwezi kuwa sawa na ya Ujerumani. Nikisema behewa la hivyo litengenezwe kwa laini ya Tanga lingebeba koili zangu ngapi?

KarakanaYaReli

Marahaba mwanangu. Ni kweli, laini ya Tanga ni ya milimita 1000 tangu Wajerumani walipoanza kuijenga hapo mjini 1893, Muheza ilifika 1896, Moshi 1911, na Arusha ni Waingereza 1929. Ya Ulaya ni milimita 1435 kama hii SGR ya Dar na Dodoma. Kwa hiyo behewa la kaka yako wa Duisburg huwezi kulileta likatembea hapa, magurudumu hayaingii. Hori na kifuniko unaweza kuviweka juu ya fremu inayofaa, ukiwa na fundi wa kuchomelea mzuri na mhandisi wa kupiga hesabu. Ila uzito ndio utakaokuamulia.

Nakupa mfano wa kujifunzia, sio namba za laini, namba za kweli zimeandikwa ubavuni mwa behewa na kwenye kitabu cha laini. Tuseme ekseli imeruhusiwa tani 14. Mara 4 ni 56. Behewa tupu pamoja na mahori na kifuniko tuseme tani 18. Unabaki na 38. Koili yako tuipime bila mzani: kipenyo cha nje mita 1.2, tundu milimita 508, upana mita 1. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, 1.44, toa 0.258 ya tundu, unabaki na 1.182, zidisha kwa 0.785 unapata 0.928, mara upana mita 1, mara 7850 ambayo ni kilo za chuma kwa mita moja ya ujazo. Jibu ni kilo 7,285 hivi. Tano ni tani 36 na nusu. Zinaingia, tano kwenye mahori matano, umejaza behewa vizuri kabisa.

Lakini mtu akija na koili kubwa ya kipenyo cha mita 1.8, tundu milimita 762, upana mita 1.25, hiyo ni tani 20 na nusu. Mbili zinazidi 38. Utabeba moja. Na hiyo moja usithubutu kuiweka juu ya bogi moja kwa sababu kreni imefika hapo. Angalia: behewa tupu kila bogi inabeba tani 9. Ukiweka 20.5 juu ya bogi ya mbele inakuwa 29.5, ya nyuma imebaki 9. Kanuni za upakiaji nilizokutajia zinasema bogi moja isizidi mara 3 ya mwenzake, hapa umeshafika 3.3, na kila ekseli ya mbele imepita 14. Bogi nyepesi ndio inayopanda juu ya reli kwenye kona, watu wanadhani ni ile nzito. Moja inakaa katikati, mwisho wa maneno. Kushoto na kulia vile vile, gurudumu la upande mmoja lisizidi mwenzake kwa zaidi ya robo.

Kwa hiyo kwa koili zako ndogo laini ya mita moja inafaa sana, pengine kuliko barabara. Tatizo sio reli, ni kwamba behewa la aina moja linahitaji mzigo wa aina moja. Likipanda Moshi na koili litarudi tupu, huwezi kujaza mahindi kwenye hori. Huyo atakayelitengeneza lazima awe na uhakika wa koili za kila wiki, na wewe na mashine zako mbili peke yako humpi uhakika huo, mjikusanye wenye karakana.

TaliWaGatini

Samahanini naingilia, mimi ni dada nafanya kazi ya tali bandarini Tanga, nahesabu mzigo ukishuka. Mmeongea vizuri sana juu ya hori ila hamjamjibu kuhusu ule unga mweupe na hapo ndipo pesa yake ilipopotelea nusu.

Kaka BatiPongwe hiyo ni kutu nyeupe. Zinki ikiloa ikiwa wazi inakauka na inajijengea ngozi ya kuilinda, haina shida, ndio maana bati la paani linanyeshewa miaka. Lakini maji yakiingia KATI ya mizunguko, mahali hewa haipiti, ile ngozi haijengeki, zinki inaliwa inakuwa unga. Na maji sio lazima yawe ya mvua. Turubai lako lilikuwa zima, sawa, ila koili inaweza kuwa ilitoka jasho chini ya turubai.

Hili naliona kwa macho yangu. Asubuhi ukipita gatini kwenye koili zilizoshuka usiku, hakuna mvua, anga safi, ukiweka kiganja kwenye chuma kinarudi kimelowa, na ukichungulia tundu la katikati unaona matone yamejipanga kama shanga. Hewa ya Tanga ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 26 kinatoa jasho. Tani 7 za chuma hazipati joto haraka kama kijiko, jua limeshatoka saa nne bado zina baridi ya usiku. Ukizifunga turubai hapo hapo likiwa limegusa chuma, umeyafungia yale maji ndani safari nzima.

Na kwa safari ya kwenda Arusha inageuka, hewa yenye unyevu wa pwani umeifungia ndani ya kifuniko, treni inapita Same kwenye joto, usiku inafika juu kwenye baridi, sasa kifuniko ndicho kinachopoa kwanza, jasho linajijenga kwenye dari linadondokea koili. Kwa hiyo ukiulizia behewa la kifuniko uliza na upepo unapita wapi. Kaka Msegeju huko kwenu wanafanyaje?

Msegeju_Ughaibuni

Dada umegusa penyewe. Huku turubai haligusi koili kabisa, matao yanalishika juu mbali nayo, hewa inazunguka. Wakati wa baridi ndio balaa, koili zimekaa kwenye treni usiku kucha kwenye barafu, zikiingizwa ghalani penye joto zinalowa kama umezimwagia ndoo. Wenye akili wanaziacha kwanza kwenye chumba cha katikati zipate joto polepole na karatasi zake zikiwa bado zimefungwa. Kuzifungua haraka ndio kosa.

TaliWaGatini

Asante. Sasa kaka BatiPongwe nikuongezee njia ambayo huhitaji kusubiri behewa jipya. Kontena la futi 20. Koili nyingi za rangi zinashuka hapa zikiwa tayari ndani ya kontena, kontena lenyewe ndio kifuniko, na behewa bapa la kubebea kontena ni la kawaida. Kontena mwisho wake na mzigo wake ni kilo 30,480, kwa hiyo koili tatu za mzee za tani 7.3 ni 21.9, na kontena tupu tani 2 na kitu, uko salama kabisa. Kwa mfano wa mzee wa tani 38 hautapandisha makontena mawili ya hivyo kwenye behewa moja ila moja linakwenda bila wasiwasi.

Lakini uliza yamepakiwaje. Sakafu ya kontena nayo ni mbao, shida ile ile ya mstari mmoja. Koili inatakiwa ikae juu ya boriti ndefu zinazolala kwa urefu wa kontena ili uzito utandazike, na kabari ziunganishwe na boriti, sio vigogo vifupi chini ya kila koili. Mbao ziwe KAVU. Nimeshaona kontena limefunguliwa harufu ya mbao mbichi inakupiga usoni, ndani dari linachuruzika, mbao zimetoa maji yake zote humo humo. Na mifuko ya kunyonya unyevu iwe imetundikwa, ukikuta imevimba imejaa maji ujue ilifanya kazi ila pia ujue ndani kulikuwa na maji mengi, fungua koili hizo mapema uzipitishe mashine, usiziweke stoo mpaka mwezi ujao. Kushusha utahitaji foklifti yenye mkuki au kreni yenye boriti ya kuingia mlangoni, hili watu wanalisahau mpaka kontena liko uwanjani wanaangaliana.

FusoLaSegera

Mi dereva, niseme upande wetu na sisi. Sio wote tunatupa mnyororo kwenye kingo. Kwenye treila unatakiwa uwe na kabari za mbao ngumu zilizounganishwa kwa boriti mbili, koili iwe juu hewani angalau milimita 20 kutoka sakafuni ili ikalie kabari sio sakafu, mnyororo upite kwenye tundu na pale unapokata kona kwenye kingo uweke pedi, hata kipande cha tairi kuukuu kinatosha. Shida wenye mzigo wanakuja na koili hawaji na kabari, wanategemea mi nitoe wapi. Ukinipa kabari zako na pedi zako koili inafika kama ilivyotoka. Ile ngoma ikikuponyoka kwenye mteremko wa kona za huku kwetu inaanza na mimi mbele kwenye kibini, kwa hiyo amini hakuna dereva anayetaka ilegee.

BatiPongwe

Wakuu nimesoma yote mara mbili, nimemsomea na mke wangu ambaye ndiye anashika vitabu vya karakana. Kaka FusoLaSegera nimekubali, mimi ni mmoja wa hao wanaoleta koili bila kabari, sijawahi hata kufikiria. Leo jioni nimekwenda kwa seremala wa Duga nimeagiza seti mbili za mninga mkavu, na tairi kuukuu zimejaa kwa fundi gereji jirani.

Dada Tali nimerudi karakana nikachukua tochi nikachungulia tundu la ile koili ya pili ambayo hatujaifungua. Mzunguko wa ndani kabisa una mstari mweupe kwa chini, upande ule uliokuwa umelala, pale ambapo maji yangetulia. Juu hakuna kitu. Kwa hiyo inaelekea ni jasho kama ulivyosema. Nimepiga picha na tarehe, na kesho asubuhi tunaipitisha mashine yote kabla haijala zaidi.

Mzee wangu, kuhusu kujikusanya, nimeshaongea na wawili hapa Tanga na mmoja wa Korogwe ambaye yuko karibu kabisa na stesheni. Tukijumlisha sisi wanne kwa mwezi tunakunja koili 14 mpaka 16. Kwa mfano wako wa tano kwa behewa hayo ni mabehewa matatu kwa mwezi. Haijafika kila wiki lakini tumekaribia. Wa Moshi naye nitamtafuta. Nikiipata ile namba ya ekseli ya laini yetu nitaileta hapa tuipige hesabu upya, na wewe utuambie fremu ya behewa gani la zamani inafaa kuwekewa hori.

KarakanaYaReli

Ukienda kuiulizia, uliza ya kila kipande, Tanga mpaka Korogwe, Korogwe mpaka Same, Same mpaka Moshi, na uulize madaraja pia. Utachukua ile ndogo kuliko zote. Fremu nitakuchorea, nina penseli na karatasi bado.